Disko na Mahasimu Wake

Mwaka 1972 nchi ya Cameroon ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na katika maandalizi ya sherehe hiyo Manu Dibango, mpiga saksafoni aliyekwisha kujipatia jina Ulaya, alitunga wimbo wa kuyatukuza mashindano. Wimbo ukatiwa upande wa kwanza wa sahani ya santuri. Na kwa kuwa sahani ina pande mbili, na upande wa pili haufai kuachwa mtupu, akatia huko kipande cha makossa, ngoma ya kwao Douala, alichokichanganya na soul ya Wamarekani weusi. Cameroon ilitolewa na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali kwa bao moja kwa bila, Kongo ikalichukua kombe, na wimbo wa mashindano ukasahauliwa. Lakini sahani ile ilivuka bahari, ikafika katika duka la watu wa visiwa vya Karibi huko Brooklyn, mjini New York, na huko ikaokotwa na kijana aitwaye David Mancuso, ambaye hakuwa na redio wala kampuni ya muziki, ila alikuwa na nyumba ambamo watu walikuwa wakikesha wakicheza.

Mancuso aliupiga ule upande wa pili, uitwao "Soul Makossa", na wageni wake wakaingiwa na wazimu wa furaha. Wakautafuta madukani wasiupate. Frankie Crocker, mtangazaji mashuhuri wa redio ya WBLS, akaudaka na kuurusha hewani. Sahani chache zilizoletwa kutoka ng'ambo zikaisha kwa kugombaniwa. Makundi mengine yakakimbilia kurekodi nakala zao ili wavune wasipopanda. Na mwaka 1973 kampuni ya Atlantic ikanunua haki ya kuutoa Marekani, ukapanda mpaka nambari 35 katika orodha ya nyimbo za nchi nzima. Ajabu ya habari hii haiko katika nambari hiyo, maana nyimbo nyingi zimepanda juu zaidi na hazikumbukwi na mtu. Iko katika njia iliyopitiwa. Desturi ya biashara ya muziki huko ilikuwa kampuni kuchagua, redio kutangaza, na umma kununua. Safari hii umma ulichagua kwanza, ukicheza gizani, redio ikafuata nyuma, na kampuni ikaja ya mwisho ikihema.

Hiyo ndiyo hali ambamo disko lilizaliwa, na mtu asiyeijua hawezi kufahamu kwa nini, miaka saba baadaye, maelfu ya vijana walijazana katika uwanja wa michezo kulipua sahani zake kwa baruti. Kwanza basi tuitazame nyumba yenyewe.

Ilikuwa ghorofa katika ghala kuukuu la barabara ya Broadway, namba 647, sehemu ya mji ambayo viwanda vilikuwa vimeihama na kuiacha na panya. Tangu Februari 1970 Mancuso alikuwa akiwaalika watu hapo kwa barua, wakitoa kiingilio kidogo, naye akiwapa matunda na sharubati na kuwapigia santuri mpaka asubuhi. Pombe hakuuza, na kwa kuwa hakuuza pombe, sheria nyingi zilizowabana wenye vilabu zilimpita kando. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya mayatima, ambako mtawa mmoja wa Kikatoliki alizoea kuwapigia watoto santuri na kuwatundikia maputo ya rangi; alipokuwa mtu mzima, maputo yalitundikwa Broadway pia.

Wageni wake walikuwa Wamarekani weusi, watu wa Puerto Rico, wana wa wahamiaji wa Kitaliani wasio na kitu, wanawake waliochoka kusumbuliwa katika vilabu vya ulevi, na wanaume wapendao wanaume wenzao. Msomaji wa pwani yetu anaweza kuwa na rai yake juu ya mwenendo wa hao wa mwisho, na makala haya hayakuandikwa ili kuibadili wala kuitilia nguvu. Lakini historia ya disko haielezeki kwa insafu ikiwa watu hawa watafichwa nyuma ya pazia, maana wao walikuwa miongoni mwa waasisi wake, na chuki iliyoliandama disko baadaye kwa sehemu kubwa ilikuwa chuki juu yao. Kwa kanuni za New York za siku zile, wanaume wawili hawakuruhusiwa kucheza pamoja mbele ya watu, na polisi walizoea kuvamia mahali walipokutana. Uvamizi wa tarehe 28 Juni 1969 katika kilabu cha Stonewall ulizusha mapambano ya siku kadhaa, na baada yake kanuni zikaanza kulegea. Wageni wote hao, waliotofautiana kwa rangi na lugha, walikuwa na jambo moja la kuwaunganisha: mji uliwataka mchana kwa ajili ya kazi yao, ukawakataa usiku kwa starehe zao.

Katika uwanja wa disko hakukuwa na haja ya kumwomba mtu akuchezee. Mmarekani wa kizazi kilichotangulia alifundishwa kwamba dansi ni shughuli ya wawili, mwanamume akimwongoza mwanamke, na asiye na wa kumwongoza au wa kumwongoza yeye hukaa kwenye kiti akishika ukuta. Katika disko mtu aliingia peke yake, akameza aibu yake, na baada ya nyimbo mbili akawa kiungo cha halaiki nzima inayokwenda juu na chini kwa pumzi moja. Kwa Mswahili aliyekulia karibu na ngoma, ambamo wachezaji mia huwa mchezaji mmoja, jambo hilo si geni hata kidogo. Kwa Wamarekani wale lilikuwa ukombozi.

Muziki wenyewe ulikuwa na ufundi ambao wengi wa walioudharau hawakujisumbua kuuchungua. Kiini chake ni pigo la ngoma kubwa, ile inayokanyagwa kwa mguu, linaloanguka sawasawa mara nne katika kila kipimo, takriban mapigo 120 kwa dakika, pasipo kuyumba tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Anayepewa sifa kubwa kwa pigo hili ni Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia, ambaye katika studio ya Sigma Sound, chini ya uongozi wa Kenneth Gamble na Leon Huff, alikuwa akipiga kwa ajili ya karibu kila mwimbaji wa mji ule. Katika wimbo "The Love I Lost" wa Harold Melvin na kundi lake, uliotoka mwaka 1973, mguu wake unashika zile nne huku mkono wake ukiyachezesha matoazi katikati ya pigo na pigo, yakifunguka na kufumba kwa sauti ya kunong'ona. Juu ya msingi huo gitaa la besi huachiwa uhuru wa kuimba, si kusindikiza tu. Juu ya besi huja fidla na tarumbeta kwa wingi usiojali gharama. Na juu ya vyote sauti ya kibinadamu, aghalabu ya mwanamke mweusi aliyejifunza kuimba kanisani. Wapo waliosema kwamba pigo lisilobadilika ni umaskini wa fikra. Mimi naona ni kinyume: kwa kuwa mguu wa mchezaji hauna wasiwasi wa kupotea, sikio lake hupata nafasi ya kusikiliza yote mengine.

Wapiga santuri nao walikuwa na elimu yao. Francis Grasso, aliyefanya kazi katika kilabu cha Sanctuary, kilichokuwa zamani kanisa, alijifunza kuiandaa sahani ya pili wakati ya kwanza ingali ikilia, akaishikilia kwa vidole juu ya meza inayozunguka, na kuiachia katika nukta ile ile ambayo mapigo ya zote mbili yanakutana, hata mchezaji asijue wimbo mmoja ulikwisha wapi na mwingine ulianzia wapi. Lakini sahani ndogo ya inchi 7 ilibeba dakika tatu au nne tu, na ukijaribu kuirefusha mifereji yake hubanana na sauti hufifia. Tiba ilipatikana kwa bahati. Tom Moulton, aliyekuwa akitengeneza matoleo marefu ya nyimbo kwa ajili ya vilabu, alikwenda siku moja kuchongesha sahani ya majaribio akakuta zile ndogo zimekwisha karakanani, fundi akachukua kubwa. Mifereji ikapata nafasi ya kutanuka, na sauti ikatoka kwa nguvu na uwazi ambao hawajapata kuusikia katika wimbo mmoja. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ikauza kwa umma sahani ya inchi 12 ya wimbo "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, ambao mpiga santuri Walter Gibbons aliunyosha ukapita dakika tisa, na tangu hapo mpiga santuri hakuwa tena mtumishi wa kubadilisha sahani. Alikuwa fundi mwenye haki ya kuupasua wimbo wa mtu na kuushona upya.

Kutoka ng'ambo ya pili ya Atlantiki kulikuja mchango mwingine. Donna Summer, binti wa Boston aliyekwenda Ujerumani kuigiza katika mchezo wa muziki, alikutana mjini Munich na Giorgio Moroder na Pete Bellotte, na mwaka 1975 wakatoa "Love to Love You Baby", wimbo uliojaza upande mzima wa sahani kubwa kwa dakika karibu 17, ambamo mwimbaji anaugua kwa namna isiyohitaji tafsiri. Shirika la BBC lilikataa kuupiga, na Mchungaji Jesse Jackson akazilaani nyimbo za aina hiyo kwamba zinawafisidi vijana. Lawama hii haikuwa ya bure, na Donna Summer mwenyewe, aliyekuja kushika dini kwa dhati, aliuonea haya wimbo huo baadaye. Walakini miaka miwili tu baada yake watu wale wale watatu walitoa "I Feel Love", ambao karibu sauti zake zote, ukiondoa ya mwimbaji na pigo la ngoma kubwa, zilitoka katika sintesaiza ya Moog. Na humo ndimo yalimokuwa yamejificha mengi ya yale ambayo vijana wa dunia nzima wameyacheza tangu siku hiyo mpaka leo.

Mpaka hapo disko lilikuwa mali ya walioliunda. Kilichofuata ni biashara, na biashara haina kiasi. Mwezi wa Desemba 1977 ilitoka filamu ya *Saturday Night Fever*, iliyomwonyesha John Travolta kama kijana wa Kitaliani wa Brooklyn, muuzaji rangi dukani mchana na sultani wa uwanja wa dansi usiku. Filamu hiyo ilitokana na makala ya gazeti la *New York* yaliyoandikwa mwaka 1976 na Nik Cohn, ambaye miaka mingi baadaye alikiri kwamba sehemu kubwa ya habari ile aliizua kichwani. Sahani za nyimbo zake, zilizojaa sauti nyembamba za ndugu watatu wa Bee Gees, zilikaa kileleni mwa orodha ya Marekani kwa majuma 24. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuonja. Redio ya WKTU ya New York iligeuka katikati ya 1978 ikawa ya disko tupu, na kwa muda mfupi ikawashinda wapinzani wake wote. Redio nyingine zikaiga, zikawaacha watangazaji wa rock bila kazi. Rolling Stones wakapiga disko, Rod Stewart akapiga disko, na mwaka 1979 hata Ethel Merman, mwimbaji wa majukwaa aliyepita miaka sabini, akazirudia nyimbo zake za zamani kwa pigo la disko. Kulikuwa tayari na wimbo wa bata wa Rick Dees, wa mwaka 1976, uliofika nambari ya kwanza na ambao nisingependa kuusikia tena. Kilichokuwa kitamu kikawa mchuzi uliotiwa maji mara kumi.

Na pamoja na wingi huo likaja jambo baya zaidi, nalo ni ghururi. Studio 54, kilichofunguliwa na Steve Rubell na Ian Schrager mwezi wa Aprili 1977, kilikuwa kilabu maarufu kuliko vyote duniani, na umaarufu wake ulitokana na mlango kuliko ngoma: Rubell alisimama nje akichagua kwa kidole nani aingie na nani abaki kwenye baridi, tajiri huyu ndiyo, fundi bomba yule hapana, huyu shati lake halipendezi. Kiini cha Mancuso kilikuwa kumwingiza aliyekataliwa kwingine. Studio 54 kiliuza kukataliwa kwenyewe. Usiku wa kuamkia mwaka 1978, Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic, ambao nyimbo zao zilikuwa zikipigwa mle ndani, walizuiwa mlangoni ingawa Grace Jones ndiye aliyewaalika. Wakarudi nyumbani kwa hasira, wakashika magitaa wakaanza kumtukana mlinzi kwa muziki, na matusi hayo, yalipokwisha kusafishwa, yakawa "Le Freak", mojawapo ya nyimbo zilizouzwa sana mwaka ule. Wenye kilabu nao hawakudumu: walipatikana na hatia ya kukwepa kodi, na mwanzo wa 1980 wakaingia gerezani.

Kwa hiyo ilipofika mwaka 1979 mashitaka juu ya disko yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa na haki. Wanamuziki wa vilabu walilalamika kwamba mtu mmoja mwenye sahani mbili amewanyang'anya riziki watu kumi wenye ala. Wapenzi wa funk na soul, weusi wenyewe, walisema kwamba makampuni yameuchuja muziki wao mpaka umekosa chumvi. Na vijana wa rock waliona redio zao zikitekwa moja baada ya moja. Hayo ni malalamiko ya kweli, yanastahili kusikizwa. Lakini ndani ya malalamiko hayo ulipenya uadui mwingine usiosema jina lake.

Steve Dahl alikuwa mtangazaji wa Chicago aliyepoteza kazi mwishoni mwa 1978, pale redio yake ya WDAI ilipoacha rock na kugeukia disko. Akaajiriwa na WLUP, na huko chuki ya disko akaifanya mchezo wake wa kila siku: huanza kuupiga wimbo, kisha huukatiza kwa kishindo cha mlipuko. Wakati huo timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa inacheza vibaya, na mwenyewe, Bill Veeck, alikuwa mtu wa vioja aliyeamini kwamba watazamaji wasiokuja kwa ajili ya mchezo wanaweza kuja kwa ajili ya kitu kingine. Mwanawe Mike akapatana na Dahl: tarehe 12 Julai 1979, siku ya mechi mbili mfululizo dhidi ya Detroit Tigers, kila atakayeleta sahani ya disko ataingia uwanja wa Comiskey Park kwa senti 98, na katikati ya mechi hizo sahani zitalipuliwa.

Wenye uwanja walitaraji nyongeza ya watu elfu chache. Walikuja karibu elfu 48, uwanja ukafurika, na maelfu wengine wakabaki nje wakipanda kuta. Sahani zilikuwa nyingi hata wapokezi wakashindwa kuzikusanya, na waliobaki nazo wakawa wanazirusha kutoka majukwaani, zikikata hewa na kujichoma katika majani karibu na wachezaji. Mechi ya kwanza ilipokwisha, Dahl, mwenye umri wa miaka 24, aliingia ndani ya gari la jeshi amevaa kofia ya chuma, akawaongoza watu kwa kelele za matusi, na kasha la sahani likalipuliwa katikati ya uwanja, likachimba shimo. Hapo maelfu wakaruka vizuizi. Wakawasha mioto, wakang'oa vibao vya mchezo, wakavunja vyandarua, mpaka askari walipokuja na rungu; watu 39 wakakamatwa, mechi ya pili haikuchezeka, na ushindi wake wakapewa Detroit.

Dahl amesema miaka yote kwamba ilikuwa mzaha wa vijana waliopenda rock, na kwamba hakukusudia kumtukana mtu kwa rangi wala kwa tabia. Inawezekana kwamba nia yake ilikuwa hiyo. Nia ya mtu mmoja, hata hivyo, haitoshi kuueleza mwenendo wa maelfu. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa mpokezi wa watu uwanjani siku ile, amesimulia kwamba miongoni mwa sahani zilizoletwa ziangamizwe aliona nyingi ambazo hazikuwa disko kabisa, za Tyrone Davis na Curtis Mayfield, waimbaji wa soul wa mji huo huo wa Chicago. Zilichoshirikiana na disko ni kwamba wenyewe walikuwa weusi. Mhakiki Dave Marsh aliandika mwaka ule ule katika *Rolling Stone* kwamba wanaume weupe wa umri fulani waliona disko kama jambo la weusi, la Walatino na la mashoga, na kwamba wito wa kulifuta uliwaingia kwa sababu hiyo. Nile Rodgers kwa upande wake alilinganisha moto ule na ule wa Wanazi waliochoma vitabu. Pengine ulinganisho huo una ukali kupita kiasi, maana pale hapakuwa na serikali nyuma ya kibiriti. Lakini sioni namna ya kuliita tukio lile mzozo wa ladha tu, kwani anayechukia wimbo huzima redio, na wale walipanga foleni wakiwa na sahani za watu ambao hawakuwa wamewakosea lolote.

Taathira yake kwa biashara ilikuwa ya haraka, ingawa si baruti peke yake iliyoifanya, maana mauzo ya sahani za kila aina yalikuwa yameanza kuanguka mwaka ule. Juma moja baada ya Comiskey Park nyimbo sita za kileleni mwa orodha zilikuwa za disko. Miezi miwili baadaye zilikuwa karibu zote zimetoweka. Makampuni yakalikimbia jina kabla ya kuikimbia biashara, yakaanza kuziita bidhaa zile zile muziki wa dansi. Tuzo ya Grammy kwa ajili ya disko ilitolewa mara moja tu, Februari 1980, akaipata Gloria Gaynor kwa "I Will Survive", kisha ikafutwa. Na katika miaka iliyofuata ugonjwa wa UKIMWI ulikomba watu wengi wa viwanja vile vya mwanzo, akiwamo mwimbaji Sylvester, aliyefariki mwaka 1988.

Disko lenyewe halikufa. Katika Chicago ile ile, tangu mwaka 1977, Frankie Knuckles alikuwa akiwapigia weusi wa mji sahani katika kilabu kiitwacho Warehouse, akaendelea baada ya mlipuko kana kwamba hakuna lililotukia, akichanganya nyimbo za zamani na mashine za mapigo. Na mwaka 1984 yule mpokezi wa uwanjani, Vince Lawrence, akishirikiana na Jesse Saunders, akatoa "On and On", sahani inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza za muziki wa haus. Besi ya "Good Times" ya Chic, wimbo uliokuwa kileleni mwezi mmoja baada ya ghasia za Chicago, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kabla mwaka 1979 haujaisha na Sugarhill Gang kwa ajili ya "Rapper's Delight", rapu ya kwanza kuenea nchi nzima. Kisha ikaja kejeli ninayoipenda kuliko zote: mwaka 1980 kundi la Queen, lililoongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja, lilitoa "Another One Bites the Dust", ambao mpiga besi John Deacon aliutunga akiwa na athari ya Chic masikioni, na wapenzi wa rock wa Marekani, wale wale walioapa kutoligusa disko, wakaununua mpaka ukafika nambari ya kwanza.

Kwetu Afrika ya Mashariki disko lilipokewa na watu waliokwisha kuzoea mabishano ya namna hiyo. Mwezi wa Novemba 1969, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana iliyowinda nguo fupi na suruali za kubana, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Marufuku hayo hayakuzuia lolote, kwani muda si muda vijana wa mijini walivaa bugaluu zilizofagia njia na viatu vya raizoni vilivyowaongezea kimo, na Boney M, kundi la waimbaji wa Karibi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, likawa linalia kila harusi. Watu wakacheza "Rivers of Babylon", mwaka 1978, pasipo wengi wao kujali kwamba maneno yake yametoka katika Zaburi. Wapenzi wa filamu za Kihindi katika pwani yetu hawana haja ya kuelezwa Mithun Chakraborty alifanya nini katika *Disco Dancer* ya mwaka 1982. Na Mombasa Roots, katika miaka hiyo ya 1980, walilitia pigo hilo katika ngoma ya wanawake wa pwani wakatoa "Disco Chakacha", ushahidi kwamba kiuno cha Mswahili hakikuhitaji kufundishwa na Travolta.

Ugomvi nao ulihamia pamoja na muziki. Huko Tanzania kuna disko vumbi la vijijini na disko toto la watoto siku za sikukuu. Huko Kenya, magharibi na hata Kilifi, kuna disko matanga, linalopigwa usiku nyumbani kwa marehemu, ambalo machifu na makamishna wamelipiga marufuku mara nyingi, wakilihesabu kuwa chanzo cha mimba za wasichana wa shule. Siku ya Idd el Fitri mwaka 2008, mjini Tabora, watoto walifariki katika ukumbi uliojazwa kupita uwezo wake, na tangu hapo polisi wa mikoa kadhaa wamekuwa wakilizuia disko toto kila sikukuu inapokaribia. Katika mambo haya mawili mamlaka yana hoja: ukumbi usio na hewa huua, na msichana wa miaka kumi na minne hana kazi njiani saa nane za usiku. Lakini hoja hizo ni juu ya milango, taa na walinzi, na anayezielekeza kwa ngoma anamshitaki asiye mhusika.

Msomaji anayetaka kuamua kwa sikio lake mwenyewe, na atafute "Soul Makossa" ya Manu Dibango, "The Love I Lost" ya Harold Melvin, na "Good Times" ya Chic, azisikilize katika matoleo yake marefu, maana yale ya redioni yamekatwa pale pale ambapo wapiga ala wanaanza kufanya kazi.